Uzi: Najiandaa kwa mzunguko wangu wa kwanza Nürburgring, naomba ushauri wenu

Mwana wa Menengai (Nakuru)

Wadau, salamu kutoka Nakuru. Mwezi wa tisa nitakuwa Köln, Ujerumani, kwa mafunzo ya kikazi, na wikendi moja nimeiacha wazi makusudi, kwa sababu kutoka Köln hadi kijiji cha Nürburg si zaidi ya kilomita mia moja. Kwa wasioifahamu, Nordschleife, ule mzunguko mrefu wa Nürburgring, ni barabara ya mashindano ya magari yenye urefu wa kilomita 20.8, inayopanda na kushuka katika milima ya Eifel. Ilifunguliwa mwaka wa 1927, na siku ambazo hakuna mashindano wala majaribio ya kampuni za magari, mtu yeyote mwenye leseni na gari linalokubalika barabarani hulipa tiketi, kizuizi kikainuka, naye akaingia.

Nimeendesha gari kwa miaka mingi, barabara ya Nakuru hadi Eldoret naijua kona kwa kona, na video za Nordschleife nimetazama hadi mke wangu amechoka kuzisikia. Sina nia ya kuvunja rekodi ya mtu. Ninachotaka ni kumaliza mzunguko, gari likiwa zima nami nikiwa mzima, na niwe nimeufurahia. Naomba kujua mambo matatu: ni gari gani nitumie, ninaweza kufanya mazoezi gani hapa nyumbani kabla ya kusafiri, na ni nini hasa huwashinda wageni pale.

Jirani wa Dunga (Kisumu)

Ndugu yangu, niliishi Koblenz kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi Kisumu, kwa hiyo nitaanza na swali lako la tatu kwa sababu ndilo linalobeba mengine yote. Kinachowashinda wageni si kona. Ni kudhani kwamba wameingia uwanjani. Kizuizi kikishainuka, umeingia kwenye barabara ya kulipia yenye upande mmoja tu wa kwenda, na sheria za barabarani za Ujerumani zinakuhusu humo kama zinavyokuhusu mbele ya kituo cha polisi. Hakuna kikomo cha jumla cha kasi, lakini kuna sehemu zenye mabango ya kikomo, na yanapaswa kufuatwa. Kushindana ni marufuku. Kupima muda wa mzunguko ni marufuku pia, na ukiona mtu kaweka saa kwenye dashibodi, ujue anacheza na bima yake.

Gari hulipita jingine kwa kushoto pekee. Aliye mwepesi akija nyuma yako, wewe unabaki kulia, unawasha indiketa ya kulia kumwonyesha kwamba umemwona, unalegeza mguu kidogo, naye anapita. Hilo ndilo somo kuu la siku ya kwanza, na watu hulipuuza kwa sababu halionekani kwenye video, ambazo karibu zote zimepigwa na wale wanaopita wenzao, si wale wanaopitwa. Wewe utapitwa. Utapitwa na Porsche, utapitwa na gari dogo la miaka ya tisini lililotolewa viti vya nyuma, na huenda ukapitwa na mama mwenye gari la familia anayeishi Adenau na anayeijua njia hiyo kama ua wa nyumba yake. Kwa hiyo macho yako yagawe: mbele, kioo, mbele, kioo. Mgeni anayekodolea macho kona inayokuja bila kujua nani yuko nyuma ndiye anayeogopwa na kila mtu pale, hata akiwa anakwenda polepole.

Jambo jingine ambalo video hazisemi ni kwamba pembeni hakuna nafasi. Viwanja vya kisasa vina changarawe na lami pana ambapo gari likitoka njiani linapoteza kasi bila kugonga kitu. Nordschleife ilijengwa kabla ya fikra hizo. Pale kuna lami, kipande chembamba cha nyasi, kisha vyuma vya kando ya barabara, na nyuma ya vyuma ni msitu. Jackie Stewart, dereva wa Formula One aliyeshinda pale mwaka wa 1968 katika ukungu na mvua, ndiye aliyeipa jina la Jehanamu ya Kijani. Tarehe 1 Agosti 1976 Niki Lauda aliungua karibu na kona ya Bergwerk, akaokolewa na madereva wenzake, na Formula One haikurudi tena kwenye mzunguko huo mrefu. Urefu wenyewe ulikuwa sehemu ya tatizo, kwani kikosi cha uokoaji kilikuwa na kilomita nyingi za kufika. Hata leo ajali ikitokea upande wa pili hutaiona. Utaona bendera ya njano, au utakuta barabara imefungwa na foleni ya magari kwenye maegesho ikisubiri. Usilalamike, subiri.

Dada wa Kapsabet

Kaka, Jirani amesema vizuri, ila ametaja indiketa ya kulia kana kwamba ni jambo jepesi. Sisi tumezoea Toyota na Subaru kutoka Japani, ambapo kijiti cha indiketa kiko upande wa kulia wa usukani na cha waipa kiko kushoto. Gari la Ulaya limepindua. Kwa hiyo siku yako ya kwanza, mtu anakuja kwa kasi nyuma yako, unataka kumwambia apite, mkono wako wa kulia unashuka wenyewe kama ulivyozoea, na waipa zinaanza kufuta kioo kikavu huku mwenzako akijiuliza umemaanisha nini. Hapa tutacheka, lakini pale aliye nyuma yako anasubiri ishara hiyo ili aamue apite au afunge breki.

La pili ni mahali unapokaa. Hapa Kenya dereva hukaa upande wa kulia wa gari na sehemu kubwa ya gari iko kushoto kwake, na mwili umeshajifunza kujiweka karibu na mstari wa kati. Ukihamia usukani wa kushoto, mwili unatafuta mahali palepale, na gari zima linasogea kulia bila wewe kujua. Mwenzako akikaa kando utamwona anajibana kuelekea kwako kila mnapopita ukingo. Pale Eifel, kulia ndiko kulikobaki vile vyuma vya kando.

Dawa yake ni siku moja au mbili za barabara za kawaida kabla ya kugusa tiketi. Usishuke kwenye ndege ukaenda moja kwa moja. Endesha Köln mjini, endesha barabara kuu, endesha vijijini, ukizoea kwamba kioo cha kutazama aliye nyuma anayetaka kupita ni cha kushoto kwako, upande ule ule wa mlango wako. Usisahau pia kibali cha kimataifa cha kuendesha gari, kinachotolewa na AA Kenya, ukiambatanishe na leseni yako.

Mzee wa Kakamega

Nawasikiliza, lakini nadhani mnamtisha kijana bure. Mwanangu ana mchezo wa kompyuta ambao barabara hiyo imepimwa kwa leza sentimita kwa sentimita, na anaizunguka kila jioni. Tukienda Naivasha kutazama Safari Rally, madereva wale hupita njia wasiyoiona kila siku wakitegemea daftari tu. Kwa nini huyu asijifunze kona zote hapa hapa nyumbani, akafika akiwa tayari?

Jirani wa Dunga (Kisumu)

Mzee wangu, shikamoo. Mchezo huo ni msaada mkubwa, wala simkatazi. Utamfundisha mpangilio: kipi kinafuata nini. Lakini Safari Rally ni barabara iliyofungwa, dereva yuko peke yake, amefunga mikanda ya mashindano na kuvaa helmeti, na msomaji wa daftari anamwambia kila kona kabla haijafika. Huyu mdogo wangu atakuwa na magari mbele na nyuma, na hakuna wa kumsomea.

Isitoshe, mchezo hauonyeshi milima. Tofauti ya kimo kati ya sehemu ya chini kabisa na ya juu kabisa ya Nordschleife ni takribani mita 300. Kwenye skrini unaona lami ikipinda. Ukiwa ndani ya gari, tumbo linakwambia kwamba magurudumu yamekuwa mepesi, na hilo ndilo linalokufanya ukanyage breki mahali pasipofaa.

Nitamtajia sehemu chache za kujifunza kwanza, maana kona ni zaidi ya sabini na hakuna mtu anayezikariri kwa wiki moja. Flugplatz ni kilima ambacho gari hunyanyuka kidogo juu yake, hivyo maliza kufunga breki kabla ya kilele, ukiwa umenyoosha usukani. Schwedenkreuz ni kona ya kushoto ya kasi baada ya mgongo ambao huoni ng'ambo yake, na papo hapo inakuja Aremberg, ya kulia, inayotaka breki nyingi. Baada yake unashuka Fuchsröhre, bonde jembamba ambapo gari linagandamizwa chini kama linavyofanya likifika kwenye daraja la mto kwa kasi, kisha unapanda.

Hapo juu, ukiwa bado na furaha ya mteremko, iko Adenauer Forst. Ni kona mbili za polepole, kushoto kisha kulia, na zimejificha. Watazamaji hukaa hapo na kamera zao kwa sababu wageni wengi hupita moja kwa moja hadi kwenye nyasi. Kama utakariri mahali pamoja tu kabla ya kusafiri, pakariri hapo.

Baadaye unashuka Wehrseifen hadi Breidscheid, karibu na Adenau, sehemu ya chini kabisa, halafu unaanza kupanda. Ukishapita Bergwerk, mlima mrefu wa Kesselchen unakuja, na gari lenye injini ndogo linapungua kasi huku yale yenye nguvu yakikufikia kwa wingi. Huko ndiko kioo kinafanya kazi kuliko usukani. Karussell, ile ya saruji iliyoinama kama bakuli, kila mtu anaingoja, lakini mzunguko wa kwanza ingia polepole tu, itakutikisa meno na hakuna utakachopoteza. Pflanzgarten gari hunyanyuka tena. Kisha Döttinger Höhe, mnyoofu mrefu. Usidanganyike ukaendelea na kasi hadi mwisho, kwa sababu siku zinazofunguliwa kwa umma hufanyi mizunguko mfululizo: unapunguza mwendo, unafuata mabango na koni, unatoka hadi maegeshoni, na ukitaka tena unaingia upya na tiketi nyingine.

Fundi wa Bondeni (Nakuru)

Mwana wa Menengai, jirani yangu, mimi nitasema ya gereji. Umesema unaijua barabara ya Eldoret. Basi unaijua harufu ya malori yanayoshuka Sachang'wan. Harufu hiyo ndiyo breki zilizotumika kwa muda mrefu bila kupumzika, na gari dogo zuri linaweza kunuka harufu hiyo hiyo baada ya mzunguko mmoja wa Nordschleife ukikanyaga kila kona kana kwamba ni ya mwisho.

Mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani. Aina ya DOT 4, kwa viwango vyake, yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiasi kinachopimwa katika viwango hivyo, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na pedali inashuka hadi sakafuni bila kushika. Kwa hiyo kama utaazimwa gari na rafiki, swali la kwanza si lina nguvu gani. Muulize mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Ikiwa hajui, yabadilishwe au usiende nalo. Kisha piga magoti kando ya gurudumu, mulika kwa tochi ya simu kati ya nafasi za rimu, uone unene wa breki pedi uliobaki. Soma namba nne za mwisho ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Sheria ya Ujerumani inataka kina cha kashata, ile mifereji ya tairi, kisipungue milimita 1.6, ila mimi nisingeingia pale na tairi lililobaki hivyo. Kaza nati za magurudumu kwa spana ya kipimo, na ondoa kila kitu ndani ya gari. Chupa ya maji ikiingia chini ya pedali ya breki, hayo yote niliyoyasema hayatakusaidia.

Upepo wa tairi pima likiwa baridi. Likishapata moto utapanda kwa psi kadhaa, kwa hiyo pima tena baada ya mzunguko na upunguze kama umezidi sana, halafu ukumbuke kuurudisha kabla ya safari ya kurudi Köln. Ukitoka, breki zikiwa bado moto, usivute breki ya mkono. Tembeza gari polepole dakika chache, liegeshe mahali tambarare, uliache kwenye gia.

Jambo moja ambalo watu wa Nakuru hatulifikirii ni hewa. Sisi tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mahali pa juu pa barabara ile ni kama mita 600 na kidogo. Hewa ya kule ni nzito kuliko yetu kwa zaidi ya asilimia 10, na injini isiyo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, itavuta kwa nguvu ambayo mguu wako haujaizoea. Utafika kwenye kona mapema kuliko ulivyokadiria.

Mtu wa Bima (Kisumu)

Kuhusu gari, tafadhali soma mkataba kabla ya kusema neno. Kampuni za kawaida za kukodisha magari huandika wazi kwamba gari lao haliruhusiwi kuingia Nordschleife, na ukiingia nalo ukaligonga, uharibifu wote ni wako. Pale Nürburg na vijiji vya karibu kuna kampuni zinazokodisha magari yaliyotayarishwa kwa ajili ya njia hiyo, yenye breki na tairi zinazofaa. Bei yake ni kubwa zaidi, na hata hao wana kiasi ambacho utalipa mwenyewe ajali ikitokea, mara nyingi maelfu ya euro. Kiasi hicho ndicho bei halisi ya siku yako. Kama huwezi kukilipa bila kuuza shamba, usikodi.

Watu pia husahau kwamba anayegonga hulipa zaidi ya gari. Vyuma vya kando vikipinda utatumiwa hesabu ya kuvibadilisha, pamoja na gari la kukuvuta na kikosi cha usalama kilichokuja. Ukimwaga mafuta ya injini njiani na mwingine akateleza, mambo yanakuwa mazito zaidi. Ukihisi gari lina tatizo, sogea kulia kabisa, usiendelee kujikokota mpaka maegeshoni ukiacha mstari wa oili, na ukishasimama toka ndani ya gari upite nyuma ya vyuma.

Mwana wa Menengai (Nakuru)

Asanteni sana, nimejifunza kuliko kwenye video zote. Nimeamua kukodi kwa wale wa pale pale. Mnaonaje, nianze kwa kupanda kama abiria na dereva mzoefu? Na kuhusu mazoezi ya nyumbani, je, nipande na kushuka mteremko wa Nandi nikiongeza kasi kidogo kidogo?

Dada wa Kapsabet

La, kaka. Mteremko wa Nandi ni wetu, kuna watoto wanaotoka shule, matrekta ya miwa na bodaboda zisizo na taa. Kasi usiipeleke huko. Unachoweza kufanya huko kwa mwendo halali ni kujizoeza kutazama: tamka kwa sauti kila gari lililo nyuma yako, ni la rangi gani, liko umbali gani, limekaribia au limebaki. Fanya hivyo hadi abiria wako waone umeingiwa na wazimu. Jizoeze pia kumaliza breki kabla ya kupinda usukani, ukitumia gia kushuka badala ya pedali. Ukitaka kasi, nenda Nairobi kwenye vigari vya go-kart, ukafundishwe kuona tairi linapoanza kuteleza mahali ambapo ukikosea unagonga tairi kuukuu.

Jirani wa Dunga (Kisumu)

Kupanda kama abiria kwanza ni fedha iliyotumika vizuri. Marehemu Sabine Schmitz, aliyezaliwa Adenau na kushinda mashindano ya saa 24 ya pale mwaka wa 1996 na 1997, alijulikana sana kwa kuwabeba wageni kwenye mzunguko huo, na huduma za namna hiyo zipo. Lakini chagua mkufunzi kuliko mtu wa kukutisha. Mkufunzi atakaa kando yako wewe ukiendesha, akikwambia lini usogee kulia. Nenda jioni ya siku ya kazi kama kuna nafasi kwenye ratiba, maana Jumapili ya jua magari huja kutoka nusu ya Ulaya. Pikipiki hutazikuta, kwani tangu mwaka wa 2025 haziruhusiwi tena siku za umma. Asubuhi ya siku yenyewe tazama tena ratiba yao, kwa sababu hubadilika.

Na usiiamini anga. Njia ni ndefu kiasi kwamba inaweza kuwa kavu langoni na mvua ikawa inanyesha Bergwerk. Ikiwa imelowa, mstari ule mweusi uliosuguliwa na tairi za miaka yote ndio unaoteleza zaidi, tofauti na unavyoufuata ikiwa kavu.

Mwana wa Menengai (Nakuru)

Swali la mwisho. Wananipa chaguo la gari la gia za mkono au la otomatiki, bei zikikaribiana. Nimeendesha gia za mkono tangu ujana wangu.

Fundi wa Bondeni (Nakuru)

Chukua la otomatiki. Ujana wako ulibadilisha gia kwa mkono wa kushoto, na huko utakuwa na wa kulia. Gia za mkono zihifadhi kwa safari ya pili. Ukifika kwao, kabla ya kutia sahihi, zungukeni gari pamoja na mpige picha kila mkwaruzo, pamoja na rimu zote nne na sehemu ya chini ya bampa ya mbele.